Kopo Kichakani



Mwaka jana usharika wetu hapa Rubwera ulipata wageni kutoka Ujerumani: baba, mama, na kijana wao wa miaka kumi na minne. Wazazi walikuwa na shughuli zao na wazee wa kanisa, na yule kijana akaachiwa sisi akina mama jikoni. Alimenya ndizi vibaya mno hata tukamhurumia, tukamwambia akacheze na wenzake. Huko nje alitoa simu yake akawaonyesha watoto wetu mchezo wa kwao, na kabla jua halijatua tulikuwa tumepata hadithi ya ukurasa huu.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu huficha kopo au kisanduku mahali fulani, porini, chini ya jiwe au kwenye tundu la mti. Ndani yake huweka kidaftari na vitu vidogo vidogo vya kubadilishana. Kisha hutangaza tarakimu za mahali pale, na mwenzake hulitafuta kwa kuongozwa na setilaiti kupitia simu. Akilipata huandika jina lake, hulirudisha palepale na kwenda zake. Wenyewe huuita jiokashingi. Ulianzia Marekani, katika jimbo la Oregon, tarehe 3 Mei 2000, siku chache tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya setilaiti zake, ambazo tangu mwanzo zilikuwa mali ya jeshi. Mtu mmoja alificha ndoo msituni akawaambia wenzake waitafute. Leo makopo ya namna hiyo yamefichwa karibu dunia nzima.

Kijana yule alituambia jambo jingine, nalo ndilo lililotushtua. Wachezaji wengi hupenda kutumia masanduku ya chuma yaliyokuwa ya kuwekea risasi jeshini, kwa sababu hayapitishi maji. Huyanunua madukani yakiwa matupu. Wapo pia wanaokwenda kucheza karibu na viwanja vya mazoezi ya kijeshi, kwa kuwa huko kwao viwanja hivyo ni misitu mizuri isiyo na nyumba. Basi fikirini, sanduku la risasi kichakani, kando ya uwanja wa jeshi! Si ajabu kwamba mara kwa mara polisi wameitwa. Mwezi wa Julai 2011, katika mji mdogo wa Wetherby huko Uingereza, mtu alionekana akihangaika na kitu mbele ya mgahawa. Mtaa ukafungwa, wataalamu wa mabomu wakaja, kitu kile kikalipuliwa. Kumbe kilikuwa kiboksi cha mchezo.

Watoto wetu hawakuwa na haja ya setilaiti. Jumamosi ile walichukua makopo ya siagi na ya rangi wakayaficha migombani, na kijiji kizima kikajaa watoto wanaopekua vichaka. Sisi tulikuwa tunacheka. Mama mmoja tu hakucheka. Yeye ameolewa hapa lakini amezaliwa upande wa Rulenge, wilaya ya Ngara. Alisimama mlangoni, mikono imejaa maganda, akasema, “Dada zangu, kwetu tulizika watoto kwa kitu kilichookotwa.” Jiko likanyamaza.

Wengi wenu mnakumbuka habari ile, ila yafaa tuirudie, maana watoto walio shuleni leo wengi hawakuwahi kuisikia. Ilikuwa Jumatano, tarehe 8 Novemba 2017, asubuhi, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoa huu huu wetu wa Kagera. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameokota kitu cha chuma akaenda nacho shuleni, akitumaini kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kilikuwa bomu la mkono. Lililipuka wenzake wakiwa karibu. Wanafunzi watano walifariki, na zaidi ya arobaini walijeruhiwa. Wauguzi wenzetu wa hospitali ya misheni ya Rulenge walipokea siku ile kile ambacho hakuna muuguzi anayeomba kukipokea.

Tazameni jinsi mambo yanavyopishana. Kule Wetherby watu wazima waliona kopo la mchezo wakadhani ni bomu. Hapa kwetu mtoto aliona bomu akadhani ni pesa ya daftari.

Pengine mama wa mbali atauliza, vitu hivyo vimefikaje mashambani mwetu? Mkoa wa Kagera umepakana na nchi ambazo zimeona vita, na wenyewe uliwahi kuwa uwanja wa vita. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa mto Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa, na mapigano yakaendelea hadi 1979. Halafu ukaja mwaka 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wakavuka mpaka kwa malaki. Ngara ilikuwa na kambi kubwa, na wilaya ya Karagwe ya wakati ule, ambayo ndani yake ilikuwamo hii Kyerwa yetu kabla haijawa wilaya mwaka 2012, nayo ilikuwa na kambi zake. Hatusemi haya ili kuwanyooshea kidole wakimbizi. Wengi wao walifika na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na baadhi yetu tuliowahudumia tungali tunakumbuka nyuso zao. Tunachosema ni kwamba silaha zikishapita mahali hazisombwi zote siku ya kuondoka.

Wala si vita tu. Mahali jeshi linapofanyia mazoezi ya kulenga shabaha, kuna makombora yanayoanguka bila kulipuka. Kwa macho ni chuma kilicholala kwenye majani. Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo vizuri. Huko Archers Post katika Samburu na Dol Dol katika Laikipia, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miaka mingi kwenye ardhi ambayo wafugaji nao huipitia na mifugo yao. Watu waliuawa na wengine kukatika viungo kwa vitu vilivyoachwa pale, wakiwamo watoto waliokuwa wakichunga. Mwezi wa Julai 2002, baada ya kesi iliyofunguliwa London, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 228. Fedha ni jambo jema, lakini hazishiki kijiko.

Dar es Salaam pia wanajua. Maghala ya silaha yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na tena Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, vyuma viliruka hadi kwenye nyua za watu, na wananchi wakaonywa wasiguse chochote wasichokijua.

Mgeni wetu, mama wa yule kijana, alipotafsiriwa mazungumzo hakushangaa hata kidogo. Alisema kwao hata leo wakichimba msingi wa nyumba huweza kukuta bomu la vita iliyokwisha mwaka 1945, na mtaa mzima ukahamishwa mpaka wataalamu walitegue. Basi ile fikra kwamba kitu kikishapata kutu kimekufa, tuiondoe vichwani mwetu. Kutu hula ganda na vile vishikizo vya usalama, na baruti ndani inabaki na nguvu zake. Kitu cha zamani chaweza kuwa na hasira kuliko kipya.

(Kwa kuwa tumeyataja mabomu, tuwape na la kuchekesha. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna watu wa shirika la APOPO wanaofundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa. Panya hana uzito wa kulilipua, na pua yake ni kali. Panya wa Morogoro wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020. Nasi huku tunawawekea sumu!)

Turudi kwa mtoto. Tulipokaa na kulizungumza jambo hili kwenye kikundi chetu, kila mama alisema neno moja, “Tuwakataze.” Ni kweli, tuwakataze. Lakini hebu tujiulize kwanza kwa nini mtoto anaokota. Anaokota kwa sababu mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na baiskeli na mizani, na hamuulizi mtoto alikitoa wapi. Anaokota kwa sababu kalamu imekwisha na ameogopa kuomba mara ya tatu. Tusimwone mtoto huyo kuwa mkaidi, maana mara nyingi ndiye yule mwenye huruma anayetaka kupunguza mzigo wa nyumbani. Na wanunuzi wenyewe wengine ni waume zetu na kaka zetu. Waambieni chuma kilicholetwa na mtoto kisinunuliwe, na chenye umbo wasilolijua kisipandishwe kwenye mizani.

Baada ya hapo tukaamua kujaribu kitu katika shule ya Jumapili. Tuliwafundisha watoto somo fupi sana. Ukiona kitu cha chuma usichokijua, simama. Usiguse, usitupie jiwe, usikisukume kwa fimbo. Geuka, rudi kwa njia ile ile uliyojia. Ukifika njiani, mbali na kile kitu, funga jani au weka tawi ili pajulikane, kisha uje utuambie. Waliimba maneno hayo mpaka sisi tukachoka. Jumapili iliyofuata tulificha makopo matano yaliyopakwa rangi nyekundu kuzunguka kanisa, bila kuwaambia, tukawaachia watoto wacheze.

Makopo yote matano yaliletwa mkononi.

Ndiyo, akina mama. Walikuja wakikimbia, wakitabasamu, wakisema, “Tumeyaona, tumeyaona!” Na mmoja wa waliolibeba kopo kifuani kama mwana-kondoo alikuwa kijana wetu wa nyumbani, ambaye somo hili alilisikia kanisani na akalisikia tena mezani siku sita mfululizo. Sisi ni wauguzi, tumezoea kuwalaumu wengine kwa kutofuata maelekezo. Siku ile tulinyamaza.

Jioni tulimwuliza taratibu, bila ukali, kwa nini alikibeba. Alitazama chini muda mrefu, halafu akasema, “Ningesema tu, mngesema ni uongo.”

Jibu hilo lilitukosesha usingizi. Tulikumbuka mara ngapi alikuja na habari tukamwambia, “Ngoja kwanza,” au “Acha hadithi zako.” Nyoka aliyemwona chooni tulimwamini siku ya pili, baada ya kuku kufa. Hivyo mtoto hujifunza kwamba neno lake halina uzito, na ili mkubwa ainuke kutoka kwenye kigoda ni lazima kitu chenyewe kiletwe. Kwa kijiti na kwa kipande cha chupa haina neno. Kwa bomu la mkono, hapo ndipo tunapompoteza. Hata kuhani Eli alimrudisha Samweli kulala mara mbili, na ni mara ya tatu tu ndipo alipotambua kwamba mtoto ameitwa kweli.

Na wengine hawakusema hilo, walisema jingine. Binti mmoja wa darasa la tatu alisema angeogopa kusema kwa sababu ule upande wa bonde amekatazwa kwenda, na akisema ameona kitu kule, atapigwa kwanza kwa kwenda. Mama yake alikuwapo, naye alikiri mbele yetu kwamba ni kweli, angempiga. Sasa hapa tunaomba jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mtoto aliyekuja kusema asipigwe. Hata kama alikwenda ulikomkataza, hata kama aliacha mbuzi, hata kama sare imechanika. Siku hiyo msamehe kabisa, wala usimkumbushe wiki ijayo. Tumeona nyumba ambazo mtoto alificha kitu chini ya kitanda kwa kuogopa fimbo, na kitanda hicho hulala watoto watatu. Zungumzeni na baba watoto naye akubali, maana mama akisamehe na baba akivua mkanda, kazi imekuwa bure.

Na mtoto akikuita, inuka. Acha maharage yaungue. Nenda naye mpaka pale alipoweka alama, usipite hapo, tazama kwa macho. Ukiona chuma usichokielewa, chenye umbo la yai kubwa au la nanasi, au chupa yenye mapezi nyuma kama ya samaki, au bomba lililofungwa, wewe pia usiwe shujaa. Zuia watu wasikaribie, mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, nao wawaite polisi. Namba 112 ni ya polisi. Sisi wanawake ndio tunaolima, basi jembe likigonga chuma kisichojulikana, liache jembe hapo hapo, rudi kwa nyayo zako. Msichome moto shamba lenye kitu kama hicho, na msirundike takataka juu yake mkazichoma.

Mkiishi karibu na eneo la jeshi, yale mabango na bendera nyekundu si mapambo. Kuni za kule, hata zikiwa kavu na nyingi namna gani, ziacheni, na mtoto anayechunga aonyeshwe mpaka kwa mguu na kidole, si kwa maneno ya mdomoni tu. Mwambieni pia kwamba mazoezi yakiisha na askari wakiondoka, ndipo pa kuogopwa zaidi, kwa sababu kilichobaki hakina mlinzi.

Ikiwa limekwisha kutokea, Mungu apishe mbali, msikimbilie wote kwa pamoja mahali pale, huenda kuna kingine. Majeruhi atolewe kwa njia ambayo watu wamekwisha kuipita salama. Damu inayotoka kwa nguvu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi, kitenge chafaa, kwa mikono miwili, bila kufunua kila mara kutazama. Kikilowa ongeza kingine juu yake. Mkono au mguu uliokatika, au damu inayokataa kusimama, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza kwa kijiti mpaka isimame, na kumbuka saa uliyofunga ili umwambie mganga. Kipande cha chuma kilichozama mwilini usikichomoe. Aliyeungua mwagiwe maji safi ya baridi, asipakwe majivu wala unga wala mafuta. Asipewe chakula wala kinywaji, huenda atahitaji upasuaji. Afunikwe asipate baridi, awahishwe hospitali. Na watoto waliokuwa karibu lakini hawana jeraha waende pia, kwa kuwa mshindo huumiza masikio, mapafu na matumbo bila kuchana ngozi. Kila mwenye jeraha aulizwe habari ya sindano ya pepopunda.

Na baadaye mtoto akianza kukojoa kitandani, au akashtuka mlango ukigongwa, asichekwe. Lala naye.

Tuwaambie sasa tulipofikia. Tulirudia mchezo wa makopo, safari hii na ahadi mbele ya wazazi wote kwamba atakayekuja kusema ataaminiwa na hataadhibiwa, na kwamba mtu mzima atainuka na kwenda naye. Zawadi ni kikombe cha karanga kwa asiyegusa. Mara ya pili makopo matatu yaliachwa mahali pake. Mara ya tatu manne. Lile la tano huletwa kila mara na mtoto yule yule, na mama yake analijua, anamfanyia kazi.

Wiki mbili kabla ya kuandika ukurasa huu, mvulana wa darasa la nne alikuja mbio kwa mama yake akiwa na mikono mitupu, akasema ameona chuma kwenye shamba la mahindi lililo karibu na njia ya kwenda mtoni, na amefunga jani. Mama alikuwa akikoboa kahawa. Alinyanyuka. Mwenyekiti aliitwa, polisi wakapigiwa simu, watu wakazuiwa kupita karibu siku nzima, na wenye shamba wakanung'unika. Mwishowe ilionekana kwamba ni kipande cha pampu ya maji ya zamani, kimefukiwa nusu. Baadhi ya wanaume walicheka sana pale dukani, na baba wa mtoto akaja nyumbani uso umekunjamana kwa aibu. Mama alimtangulia mlangoni akamwambia mtoto ameahidiwa karanga mbele ya kanisa, naye tayari anazila.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutajibu barua za akina mama waliouliza juu ya minyoo na upungufu wa damu kwa watoto wadogo.